Kicheko cha Ubeti wa Tatu

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta, wala asichungulie dirishani. Ni nchi ya amani. Amani yake ni nyingi kiasi kwamba mtu akikaa asubuhi nzima bila kuisifu, majirani huanza kumuuliza kama anaumwa. Mkuu wake huitwa Baba wa Shukrani, na wizara yake kubwa kuliko zote ni Wizara ya Usikivu, iliyoundwa ilipogundulika kwamba wananchi walikuwa wakisikia mambo hovyo hovyo, kila mtu kivyake, bila mwongozo.

Huko hakuna magereza. Yalifungwa yote siku moja kwa sherehe, mbele ya wageni kutoka nje, na mabalozi wakapigwa picha wakiegemea milango iliyo wazi. Badala yake kuna semina. Mtu akiteleza kidogo huitwa semina, na semina za huko ni ndefu kwa sababu mada ni nyingi na wawezeshaji hawapendi kulipua kazi. Wapo walioitwa wakiwa vijana, na mpaka leo hawajafika kwenye chai ya saa nne.

Zamda binti Fereji, mke wa Makungu Hamaro, alikuwa semina. Ulikuwa mwaka wake wa tatu.

Huyu Makungu hakuwa mtu asiyejulikana. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akisoma kadi za salamu Redio ya Taifa: fulani wa mahali fulani anawasalimu shemeji zake wote popote walipo, ujumbe wake, tupendane. Sauti yake ilikuwa imekaa katika nyumba nyingi kuliko baba wenye nyumba hizo. Lakini alichojivunia yeye si sauti, ni masikio, na alikuwa na maringo nayo. Akipita kwenye duka la redio husimama, huinamisha kofia, kisha humwambia mwenye duka kwamba spika ya kushoto imechoka, na ikitazamwa hukutwa imechoka kweli. Tangu astaafu alikuwa akigombana na mtaa mzima kwa jinsi walivyopiga muziki wao. Watu walimvumilia kwa kuwa walijua nyumba yake ilikuwa kimya kupita kiasi.

Zamda alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika Bendi ya Shukrani, na aliimba kwenye wimbo ule ambao nchi nzima inaujua, wa kumshukuru Baba. Maneno aliyatunga Baba wa Shukrani mwenyewe, na siku ya kurekodi alifika studio akashika kayamba. Ulikuwa mwaka ambao mvua zilikataa. Waimbaji walikuwa hawajala tangu jana yake, kwa kuwa waliambiwa chakula kitatolewa kazi ikiisha. Walipofika ubeti wa tatu, pale panaposema tumeshiba, tumeshiba, hata kuinama taabu, Zamda alicheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilimtoka kooni, kifupi, kama cha mtu aliyekumbuka jambo akiwa jikoni peke yake. Baba wa Shukrani, ambaye kayamba lilikuwa limemkolea, hakukisikia. Hata alipopigiwa rekodi iliyokamilika, alilisikiliza kayamba lake tu. Akatamka kwamba kazi hiyo ni kamilifu na isirudiwe milele, na tamko lake likawa sheria jioni ile ile.

Basi wimbo ukapigwa kila asubuhi kwenye vipaza sauti vya barabarani, na nchi nzima ikasikia. Hakuna aliyesema kitu. Ila wanawake bombani walianza kuacha ndoo zimwagike ubeti wa tatu ukifika, na mkaanga maandazi alisita na andazi kwenye uma mpaka upite. Wizara iliona watu wanasimama ikafurahi, ikidhani ni uzalendo. Ilipokuja kujua walichokuwa wakikisubiri, miezi ilikuwa imepita, na mtu mmoja mpole akaenda kumchukua Zamda, akambebea na mkoba.

Wimbo haukuweza kupigwa marufuku, kwa kuwa ni wa Baba. Haukuweza kurekodiwa upya, kwa kuwa ni kamilifu. Santuri zote zikakusanywa nyumba kwa nyumba, na Redio ikaajiri mtu wa kugonga kengele pale pale penye kicheko. Mambo yakatulia kwa muda, mpaka ilipobainika kwamba sasa watu walikuwa wakiisubiri kengele.

*

Ndipo ikatengenezwa Tulizo.

Tulizo ilikuwa programu ya kompyuta ya kupigia muziki. Ikiwekwa kwenye redio, simu au kipaza sauti, muziki wote hupitia humo kwanza kabla ya kumfikia msikilizaji. Aliyeitengeneza ni Mhandisi Kalisti Mwabeza, mtu mwenye akili nyingi aliyezoea kutouliza. Kazi aliyopewa ilikuwa kukiondoa kicheko, lakini hakuna aliyemwambia hivyo, kwa sababu kiserikali kicheko hakikuwapo. Aliambiwa tu aongeze ukimya. Akauongeza pale ulipohitajika.

Mpango ulikuwa kwamba kila chombo nchini kiwekwe Tulizo, na programu ya zamani, iliyopiga wimbo kama ulivyorekodiwa, ifutwe isibaki hata mahali pamoja. Kilichochelewesha ni kwamba Baba wa Shukrani alikuwa amesoma, akiwa ndani ya ndege, kwamba mataifa makubwa hayachagui programu za muziki kwa amri. Huwaketisha watu mbele ya mtambo mzuri, huwapigia wimbo ule ule kwa programu mbili bila kuwaambia ipi ni ipi, na kuwaacha waseme wenyewe ipi inasikika vizuri zaidi. Aliporudi aliagiza jaribio la namna hiyo lifanyike, liwe huru kabisa, na Tulizo ishinde.

Wasikilizaji tisa waliteuliwa, na wa kwanza kutajwa alikuwa Makungu. Aliyemletea habari ni Bwana Salmini wa Idara ya Semina, yule yule mpole aliyembebea Zamda mkoba. Alivua viatu mlangoni, akasifu mapazia, akanywa chai yote.

“Mzee wangu, masikio yako yanaaminiwa na nchi nzima,” alisema. “Ukitamka kwamba hii ndiyo Tulizo, na ndiyo bora, nani atabisha? Kazi yako ni hiyo tu. Na bibi naye anakaribia kuhitimu. Amebakiza mada moja.”

“Mada gani?”

“Hiyo mwezeshaji wake ni wewe, mzee.”

Alipoondoka, Makungu alikaa akitazama kikombe kitupu. Hakuwa na mgogoro wowote moyoni. Angeambiwa asifu mashine ya kusaga, angeisifu. Alimtaka mkewe nyumbani, na kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimtia hofu kuliko hata Bwana Salmini. Kila asubuhi, akiinjika birika, alikuwa akijaribu kukikumbuka kile kicheko. Miaka miwili ya kwanza kilikuja bila kuitwa. Siku hizi kilikuja kicheko cha mwanamke mwingine, pengine cha jirani, pengine cha mtu wa redioni, na yeye alibaki na birika mkononi akijaribu tena. Alikuwa anamsahau Zamda kuanzia kooni, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

*

Jaribio lilifanyika Ukumbi wa Makubaliano, ambao haukuwekewa madirisha kwa kuwa makubaliano hayahitaji hewa nyingi. Mtambo ulikuwa umeletwa kwa meli na kusindikizwa kwa pikipiki. Spika zake zilikuwa ndefu kama makabati ya nguo, na kila moja ilikuwa na mlinzi wake. Amplifaya ilitoa joto, ikapewa feni. Feni ilipopiga kelele, ikafunikwa blanketi. Waya wa spika ulikuwa mnene kuliko mkono wa mtu mzima, nao ulizinduliwa na Naibu Waziri, ambaye alipokata utepe aliukata na waya wenyewe, ukaungwa kwa gundi. Kwa heshima, spika zilielekezwa upande wa Ikulu, hivyo wasikilizaji waliketishwa ubavuni. Kitufe cha kuongeza sauti kilikuwa na kiti chake cha enzi, na aliyeruhusiwa kukikalia na kukigusa kitufe ni Waziri wa Usikivu peke yake.

Waziri huyo, Mheshimiwa Daktari Ponsiano Kiberenge, alifungua shughuli kwa hotuba.

“Ndugu wasikilizaji,” alisema, “kusikia ni kipaji cha Mungu, lakini kusikia kilichoidhinishwa ni kazi ya wizara yangu. Leo mko huru. Narudia, mko huru. Uhuru huo utakwisha saa sita na nusu, na baada ya hapo tutakwenda kula.”

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kitaalamu, Profesa Ndekia, alisimama ili aeleze utaratibu. Alikuwa amesoma ng’ambo na alijua fika kwamba katika jaribio kama hilo kinachofichwa ni jina la programu, wala si macho ya watu. Lakini alikuta wizara imekwisha kuelewa vingine. Vitambaa vyeusi vya kufungia macho vilikuwa vimepangwa mezani, vimeazimwa stoo ya Idara ya Semina, ambako havikosekani. Vilikuwa vimefuliwa, ingawa si vyote. Profesa alivitazama, akasema sayansi ina matawi mengi.

Waziri aliona jambo hilo ni zuri mno kuishia kwa wananchi wa kawaida. Kama ni haki, alisema, iwe haki ya wote. Akafungwa macho yeye, akafungwa profesa, wakafungwa walinzi na waandishi wa habari. Bwana Salmini, aliyesimama mlangoni, akajifunga mwenyewe, maana alikuwa na uzoefu wa fundo. Mhandisi Kalisti alijaribu kueleza kwamba yeye ndiye mwendesha kompyuta na anahitaji kuona. Aliulizwa anataka kuona nini ambacho wenzake hawaruhusiwi kukiona, akainamisha kichwa afungwe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa ukumbini hakuna aliyejua bado. Kalisti alikuwa amezipa programu zote mbili sura moja kwenye kioo cha kompyuta, yaani picha ya Baba wa Shukrani, na kuiachia mashine ichague yenyewe ipi itangulie. Alichokuwa amekitegemea ni alama ndogo ambayo ingejitokeza wimbo ukianza na kufutika ukiisha, ili yeye peke yake ajue. Alama ilijitokeza na kufutika mara zote mbili, na hakuna jicho hata moja lililoiona. Hata sarafu ilirushwa, kwa kuwa mwongozo ulitaja sarafu. Sarafu za huko zina uso wa Baba pande zote mbili, maana hakuna aliyethubutu kupendekeza upande wa kulala chini. Ilisikika ikibingiria chini ya spika ya kulia, na mpaka leo iko huko.

*

Makungu alikaa gizani. Kitambaa chake kilinuka jasho la mtu mwingine, na alijikuta akiwaza ni la nani, na kama ni la mwanamke.

Programu ya Kwanza ikaanza. Mtambo ulikuwa mzuri, hilo hata yeye alilikubali, pamoja na waya wake wa gundi. Magitaa yalikaa mahali pake, ngoma ikafika mpaka magotini, na kayamba la Baba likawa juu ya vyote, kama ilivyotakiwa. Ukapita ubeti wa kwanza, ukapita wa pili. Ulipofika wa tatu, Makungu alishika mikono ya kiti. Tumeshiba, waliimba, na baada ya hapo pakawa na kitu ambacho hakuwahi kukisikia maishani mwake, mahali patupu. Wapigaji wote walikuwepo, chumba chenyewe cha studio kilikuwepo, lakini pale aliposimama Zamda palikuwa pamekatwa na kusafishwa, kisha wimbo ukaendelea mbele kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Hakuhitaji kuambiwa kwamba hiyo ndiyo Tulizo. Ilikuwa kazi safi sana.

Lakini alichotakiwa kukijua alikuwa amekijua. Angesema ya Kwanza, angesifu ukimya wake, na angerudi nyumbani kutandika kitanda cha watu wawili. Alijiambia hivyo mara kadhaa wakati Kalisti akipapasa kompyuta kutafuta kitufe.

Programu ya Pili ikaanza. Magitaa yale yale, ngoma ile ile. Tumeshiba, waliimba, na Zamda akacheka.

Kilikuwa chenyewe. Hakikuwa kile alichokuwa akijitungia jikoni. Kilikuwa chake, na mwishoni kilikuwa na ile pumzi ndogo ya kuvuta ambayo Makungu alikuwa ameisahau kabisa. Mwanamke huyo alikuwa hatua mbili kutoka alipokaa yeye, ana njaa, na anacheka. Machozi yalilowesha kitambaa cha Idara ya Semina. Makungu alitabasamu mdomo wazi, kwa kuwa gizani alidhani haonekani.

Kisha akausikia ukumbi. Hakuna kinachompita mtu yule. Kushoto kwake mtu alivuta pumzi na kuishikilia. Nyuma kiti kililia chini ya mtu aliyekuwa akijipinda. Kwenye kile kiti cha enzi, mtu mnene alicheka puani, mara moja, akajikohoza. Wote walikuwa wamefungwa macho, na kila mmoja alijiona yuko peke yake kama alivyojiona Makungu.

Profesa Ndekia aliomba kura. Kuinua mikono kusingefaa, maana hakuna wa kuiona, kwa hiyo aliagiza makofi. Alitaja Programu ya Kwanza. Kukawa kimya, akasikika mtu mmoja akijikuna. Alitaja Programu ya Pili, na makofi yakalipuka pande zote, kwa wasikilizaji, kwa walinzi, kwenye kiti cha enzi, na mlangoni alikosimama Bwana Salmini. Makungu alipozinduka, viganja vyake mwenyewe vilikuwa vinauma.

*

Vitambaa vilipofunguliwa watu walitazamana, na furaha ikawatoka nyusoni mmoja mmoja.

Waziri ndiye aliyepona haraka. Alisema matokeo yako wazi, taifa limechagua Programu ya Pili kwa sauti moja, na kilichobaki ni Mhandisi Kalisti kulithibitishia taifa kwamba ya Pili ndiyo Tulizo. Kalisti alifungua mdomo. Ilibidi aeleze kuhusu ile alama, na alieleza kwa sauti ndogo kadiri alivyoweza, kwamba ilijitokeza, na kwamba yeye alikuwa amefungwa macho kwa ajili ya haki.

Mmoja wa wasikilizaji, mwalimu mstaafu, alisema basi zipigwe tena ili wasikie ipi ni ipi. Alipomaliza kusema akagundua alichokisema, akakaa chini. Alama ingeonekana safari hii, lakini mashine ingechagua upya ipi itangulie, na kuitambua ile ya Pili kungebaki kazi ya masikio. Wasikie nini? Ili mtu atofautishe programu zile mbili ingebidi aseme kwamba kwenye moja kuna kitu na kwenye nyingine hakipo, na kitu chenyewe hakikuwahi kuwepo. Waandishi wa habari waliinamia viatu vyao. Kalisti, alipoulizwa kama mtengenezaji, alisema kwa masikio ya kitaalamu programu zote mbili zinalingana.

Taratibu nyuso zikamgeukia Makungu Hamaro, masikio ya taifa.

Hakuwa mtu wa kuchelewa kuelewa. Akisema kweli, kwamba Tulizo ni ya Kwanza, angekuwa amesema mbele ya Idara ya Semina kwamba wananchi tisa, profesa, walinzi, waandishi na Waziri mzima wameipigia makofi njaa. Wote wangeitwa semina. Zamda angerudi, na kicheko kingefutwa siku ile ile kila mahali. Akisema uongo, kwamba Tulizo ni ya Pili, watu hawa wangekwenda kula chakula chao, na programu yenye kicheko ndiyo ingeingia kwenye kila kipaza sauti. Lakini siku Baba atakapoisikia, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyeithibitisha. Hapo Zamda asingerudi, na yeye mwenyewe angebebewa mkoba.

Alimtazama Bwana Salmini. Kitambaa kilikuwa kinaning’inia shingoni mwake bado, na viganja vyake vilikuwa vyekundu.

Makungu alitaka kusema ya Kwanza. Alikuwa amefika pale kwa ajili ya kusema hivyo, na alimpenda mkewe kuliko watu wote waliokuwa mle ndani kwa pamoja. Lakini alikuwa ametoka kumsikia. Ile pumzi ya mwishoni ilikuwa bado masikioni, na hakuweza kuwa yeye wa kuizima.

“Ni ya Pili,” alisema. “Hiyo ndiyo Tulizo. Ukimya kama ule sijapata kuusikia.”

Waziri alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Profesa alifuta jasho. Watu walipokuwa wakijipanga kwenda kula, Bwana Salmini alimsogelea Makungu, akaiokota kofia na kuipangusa vumbi.

“Mzee, una hakika na ulichokisikia?”

“Nimesikia kile kile ulichokisikia wewe, mwanangu.”

Bwana Salmini alivitazama viganja vyake, akavitia mifukoni.

*

Tulizo ya kweli ikafutwa kwa jina la programu ya zamani, na programu ya zamani ikawekwa kila mahali kwa jina la Tulizo. Kalisti ndiye aliyeifanya kazi hiyo, bila kuuliza. Siku ya uzinduzi Baba wa Shukrani alipigiwa wimbo kwenye mtambo ule ule, na wizara nzima ilikaa ikitazama mgongo wake. Ubeti wa tatu ukaja ukapita. Baba akageuka akiwa na machozi, akasema hajapata kulisikia kayamba lake likiwa wazi namna ile, na akatoa nishani kwa waya.

Bwana Salmini naye alikuwa na shida yake. Ahadi ilitolewa kwamba Tulizo ikitambuliwa Zamda atahitimu, na Tulizo ilikuwa imetambuliwa rasmi. Kumzuia Zamda kungemlazimu aeleze kwa nini. Basi jina lake likaingizwa kwenye mahafali yaliyofuata.

Wakati huo asubuhi za nchi ile zilikuwa zimebadilika. Kipaza sauti kikifika ubeti wa tatu Zamda alicheka, na hapakuwa tena na kengele. Mwanzoni watu walisikiliza tu. Baadaye mwanamke mmoja bombani akacheka naye, akifunika mdomo kwa kanga, kisha bomba zima, kisha mtaa wa pili. Taarifa za wizara ziliandika kwamba wananchi wanaonyesha furaha ya kushiba, na hilo halikuweza kupingwa. Lakini uwanja wa mpira ulizungushiwa uzio, ukapakwa chokaa, na kuandikwa Kituo cha Semina Awamu ya Pili. Mafundi cherehani wote wa mjini walipewa kazi moja, vitambaa vyeusi, na waliambiwa wasipime kwa idadi, wakate mpaka majora yaishe.

Wahitimu nao wakaanza kurudi kwa wingi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walirudi wasafi, wamenenepa kidogo, wapole. Walikaa karibu na watu, hasa bombani na kwenye maandazi, wakauliza habari za nyumbani. Walipenda kujua nani ni nani.

Zamda aliletwa asubuhi moja kwa gari la Idara. Bwana Salmini alimshusha, akampa Makungu mkoba, na hakukaa kunywa chai. Makungu alikuwa amepika viazi na kuitafuta kanga ya zamani ya mkewe, akaitandika kwenye kiti ambacho mkewe alikipenda. Zamda alikaa ukingoni mwa kiti hicho. Mikono yake ilikuwa baridi. Alishukuru kwa chai, alishukuru kwa viazi, alishukuru kwa kiti, kwa sauti ile ile ya pili ambayo Makungu angeitambua popote, ila sasa ilikuwa imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Makungu aliongea yeye peke yake, alizungumza habari za majirani, za paa linalovuja, na kila alipotaka kuulizia huko alikotoka, alimsogezea viazi.

Nje, kipaza sauti kikaanza wimbo. Makungu alinyamaza, akamtazama mkewe usoni. Alikuwa ameingoja asubuhi hiyo tangu siku ile ukumbini. Ubeti wa tatu ukafika, tumeshiba, waliimba, Zamda wa kwenye wimbo akacheka, na mtaa mzima ukacheka naye, bombani, vibarazani, mpaka kwa mwalimu mstaafu ng’ambo ya barabara. Zamda wa kwenye kiti aliinua kichwa.

“Ni nani hao wanaocheka?” aliuliza.

“Ni watu tu, mke wangu. Kunywa chai itapoa.”

“Unawajua majina?”

Makungu aliweka chini kikombe chake. Alijua sasa semina ilikuwa imemfundisha kukusanya majina ya kupeleka Idarani, na kwamba mada iliyokuwa imebaki ilikuwa mtaa huu. Hakumkasirikia. Aliichukua ile mikono baridi akaishika kwa mikono yake yote miwili.

“Namjua mmoja,” alisema. “Yule aliyeanza. Anaitwa Zamda binti Fereji.”

Zamda aliinamisha kichwa kumshukuru. Kisha akalirudia jina hilo polepole, midomo ikisogea bila sauti, kama mtu anayejitahidi asilisahau mpaka atakapoulizwa.